Walowezi Wanangoja Kilimani

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani. Bibi yuko pembeni yangu na anasema nikuambie kwamba magoti yanamuuma lakini mdomo haujambo. Mama wiki hii yuko zamu ya asubuhi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo angalau tunamwona akiwa macho. Bwana Mdogo ameng'oka jino la mbele na amekataa kutabasamu mpaka lingine liote. Baba anaziba pancha kama kawaida. Juzi alimtengenezea mtu baiskeli akasahau kukaza breki. Mwenyewe alirudi kwa miguu, amefura kwa hasira, lakini mzima.

Kompyuta yako ni nzima. Kioo nakifuta kila siku, ingawa alama za kidole changu hazitoki zote. Mchezo wetu wa kujenga miji uko pale pale ulipouacha ulipokwenda kazini huko juu ya mto. Walowezi wetu wamesimama ukingoni mwa mto na bado hawana mji. Upande mmoja ni bonde la kijani, na kompyuta inasema kila mraba wake unatoa chakula kingi. Upande wa pili ni kilima cha mawe chenye chakula kidogo. Kwingine kote ni giza, hatujafika. Mimi napendekeza bondeni, watu washibe na mji ukue upesi. Lakini sijasahau kanuni yetu: mji haujengwi mpaka wote wawili tuseme ndiyo, kwa sababu ukishawekwa hauhamishwi tena. Kwa hiyo sijagusa kitu.

Sasa kuna habari kubwa. Mwenye nyumba anataka vyumba vyake kwa ajili ya mwanawe anayeoa, na sisi tunapaswa kutoka kabla ya mvua za masika. Baba ameonyeshwa na dalali kiwanja karibu na kona ya mto, chini ya daraja. Ni tambarare kama meza. Wenye baiskeli wote wanapita hapo, na Bibi hatapanda mlima wowote. Baba anakizungumzia mpaka chai inapoa.

Katikati ya kiwanja kuna mti mkubwa. Kwenye matawi yake yamenasa majani makavu, matambara na mifuko ya plastiki. Nilimwuliza dalali ni nani aliyeviweka vitu vile juu namna ile. Akasema, "Ndege wa huku wana fujo, binti." Baba alicheka na mimi nikacheka. Baadaye nilikumbuka kwamba mle matawini mlikuwa na gunia zima, na ndege hawezi kubeba gunia.

Na wewe nyumba yako ikoje? Umenisimulia nguzo ya mtoni unayosoma kimo cha maji, na redio, na nyani anayekuibia sabuni, lakini hujaniambia unakaa mahali gani hasa. Nichoree.

Mpwa wako,
Kidole


27 Februari

Kidole, mpwa wangu,

Marahaba. Gari la chakula limeleta barua yako pamoja na unga. Dereva anapakua mizigo huku akiimba, kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika mpaka nyimbo zimwishie. Mpe pole mama yako kwa mashuka. Bwana Mdogo mwambie mimi nina mapengo mawili na bado natabasamu, hata kama anayeniona ni nyani tu.

Kura yangu ni hapana. Chakula kiko bondeni, sikatai. Lakini jiulize kwa nini kiko pale. Udongo ule mzuri uliletwa na mto, Kidole. Mto ulifika pale kabla yetu. Wasogeze walowezi kilimani. Tutapoteza zamu na mataifa mengine yatatutangulia, basi yatutangulie. Wakifika juu wasijenge kwanza. Niandikie unachokiona kutoka pale, ndipo tupige kura upya. Na kumbuka jambo moja: mahali tunapopaacha hapabaki patupu. Mwingine atapachukua.

Kuhusu kiwanja cha baba yako, mimi sina la kusema. Shemeji aliwahi kuniambia mbele ya watu nisiipime nyumba yake kwa nguzo yangu ya mtoni, na nikamwahidi. Tena habari za maji ni za ofisi. Sisi tunazituma kwa redio, wao ndio wanaoamua nani aambiwe.

Ila nijibu hili, kwa udadisi tu. Yale matambara mtini, baba yako akisimama chini yake, yako juu ya kichwa chake au chini? Angalia kwa macho yako. Usikadirie.

Nyani sasa amehamia kwenye dawa ya meno.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti mpaka kwenye nyani, na sehemu ya kiwanja nikairuka. Wote wanakusalimu. Bwana Mdogo ametabasamu, mara moja tu, akiwa amefunga mdomo.

Sikukadiria. Jumamosi Baba alikwenda kupima mahali pa karakana na nikaomba twende wote. Tulipofika nikamwambia, "Baba, simama chini ya mti."

"Unanipiga picha?"

"Nyoosha mkono."

Akanyoosha. Matambara yalikuwa juu ya vidole vyake. Yale ya juu zaidi hata mimi nikikaa mabegani kwake nisingeyafikia.

"Haya, tuwaone hao ndege wa dalali," akasema. Akachukua pampu ya baiskeli, akapanda kwenye jiwe, akalivuta tawi. Likaanguka furushi zima: nyasi, kamba, kipande cha mkeka, tope kavu lililopasukapasuka. Ndani ya tope mlikuwa na ndala ya mtoto. Ni ndogo kuliko mguu wa Bwana Mdogo.

Baba aliitazama. Akautazama mto, ambao sasa ni mwembamba, watu wanavuka bila kukunja suruali. Kisha akaanza kuvuta tawi baada ya tawi, haraka haraka, kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukipata. Hakuacha mpaka mti ukawa msafi. Takataka zote akazisukumia mtoni kwa mguu. Ndala akaifuta kwa kitambaa chake cha grisi akaiweka mfukoni. Tulirudi kwa miguu, baiskeli akiisukuma katikati yetu. Matairi yote mawili yalikuwa na upepo.

Jioni alisema udongo wa kule chini haufai kwa msingi.

"Juzi ulisema msingi wake hata jiko la udongo lingesimama lenyewe," Bibi akamwambia.

"Juzi sikuuangalia vizuri. Dalali ana kingine juu kilimani, cha mawe. Tunachukua hicho."

"Na magoti yangu haya? Utanibeba?"

"Nitakubeba, mama."

Bibi alikuwa na jibu tayari, lakini alipomwona uso wake akalimeza. Dalali amekubali kubadilisha, ila amenuna, na hati anasema atatupa baadaye. Ndala nimeikuta kwenye kopo la mipira ya breki. Nimeichukua mimi.

Kwenye mchezo, walowezi wamefika kilimani. Giza limefunguka kidogo. Naona bonde lote, na pembeni kabisa naona walowezi wa taifa la njano wanashuka kuelekea pale tulipopaacha. Mimi sasa nakubali kilima. Kura yangu ni ndiyo. Bado yako.

Mjomba, niambie waziwazi. Maji hufika wapi? Hatuhamii tena kule, lakini woga haujaniondoka. Umebadilika tu sura, na sijui umegeuka nini.

Na nyumba yako hukuichora.

Mpwa wako,
Kidole


28 Machi

Kidole,

Marahaba. Andiko hili ni fupi, dereva ana haraka, leo haimbi. Anasema barabara imeanza kuteleza.

Nimefurahi kwamba shemeji amechagua mawe. Mwambie nimesema kwamba... hapana, usimwambie kitu. Msalimu tu. Ndala itunze.

Kuhusu mji, usijenge bado. Kilima ni kizuri, lakini nataka kwanza kujua hao wa njano watafanya nini. Maliza zamu moja tu, uniandikie.

Uliniuliza maji hufika wapi. Hilo siwezi kuliandika. Ninaloweza kuandika ni kwamba mvua huku imeanza mapema, na hilo si siri, hata nyani analijua. Ameacha kuja.

Kuchora nyumba sijapata muda. Ina mlango na dirisha kama nyumba nyingine.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tumehama. Nyumba ni vyumba viwili vya matofali na bati, na upepo unapiga kama unadai kufunguliwa. Maji tunayapandisha kwa ndoo. Bibi alibebwa kweli. Baba alimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wateja wawili wakasukuma, naye akawa anatoa amri njia nzima kama dereva wa lori. Wateja wamepungua kwa sababu ya mlima. Baba anasema watazoea.

Nilibonyeza Maliza Zamu kama ulivyosema. Taifa la njano limejenga mji wao bondeni, pale pale nilipotaka mimi.

Siku iliyofuata darasani, Twiga akaniambia wamepata kiwanja. Twiga tunakaa naye dawati moja, unamkumbuka, yule mrefu aliyegonga kichwa kwenye taa yetu. Mama yake ndiye fundi cherehani aliyeshona sare yangu. Wako wawili tu. Nikamwuliza kiwanja gani, ingawa moyo ulikuwa umeshajua.

"Pale kona ya mto, chini ya daraja," akasema. "Kuna mti mkubwa, msafi, kivuli chake kitafika mlangoni. Mama ataweka cherehani chini yake."

Msafi, Mjomba. Sisi ndio tuliousafisha. Mama Twiga si mjinga. Angeona gunia mtini angeuliza, kama nilivyouliza mimi, na asingekubali habari ya ndege. Lakini hakukuwa na la kuuliza.

Nilimwambia Baba. Alikuwa ananyoosha spoku ya gurudumu, hakuinua kichwa.

"Hati yetu bado iko mkononi mwa dalali," akasema. "Ukimharibia biashara kule chini, sisi tunalala wapi? Bibi yako nimpeleke wapi?"

"Lakini mti tuliusafisha sisi."

"Najua tuliusafisha sisi."

Alilisema polepole, na spoku ikakatika mkononi mwake. Kisha akasema, "Usiende. Nakuomba." Baba hajawahi kuniomba kitu. Huwa anaagiza.

Kuta zao zimeshafika usawa wa madirisha. Kila siku Twiga ananichorea nyuma ya daftari kitanda chake kitakavyokaa. Anataka dirisha litazame mto. Mimi nasema ni pazuri. Mto umeanza kubadilika rangi.

Nifanye nini? Usinijibu kwa mchezo, tafadhali.

Mpwa wako,
Kidole


17 Aprili

Kidole,

Gari halijaja, kwa hiyo barua yako mpya sijaipata. Hii naandika bila kungoja. Kuna fundi wa nyaya anashuka kwa miguu, amekubali kuichukua ndani ya kofia yake.

Nimekaa na ahadi yangu kwa baba yako mpaka imeniota ukungu. Naivunja. Na ya ofisi pia. Nimewapa habari ya mto kwa redio asubuhi na jioni, nao wananijibu wamepokea, tuendelee kusubiri. Mimi sisubiri tena.

Pale chini ya daraja maji hufika juu ya matawi ya ule mti. Si kila mwaka, ndiyo maana watu husahau. Mwaka huu yatafika. Mto hapa umeipita alama nyekundu ya nguzo, na bado mvua haijanyesha yote.

Najua nyinyi mko juu. Lakini najua pia kwamba bondeni kuna mtu sasa, kwa sababu daima huwa kuna mtu. Sijui ni nani. Wewe unamjua. Mwambie baba yako kwamba mimi, shemeji yake, naomba waende wote wawili, yeye na mama yako, wamtoe huyo mtu leo. Asingoje kutangaziwa.

Redio nimeipandisha juu ya kabati. Usinijibu mpaka barabara ikauke.

Mjomba


2 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu nimefundishwa hivyo, na kwa sababu nikianza na mengine barua haitafika mwisho. Bibi hajambo. Bwana Mdogo jino limeota, limepinda. Mama na Baba wapo.

Barua yako imefika leo. Fundi wa nyaya alikwama kwa wiki nzima upande wa pili wa daraja, mpaka daraja lenyewe likaondoka na maji. Alizunguka mbali sana. Wino umechuruzika lakini yote yamesomeka.

Sikuingoja, Mjomba. Sikujua kama inakuja. Siku mto ulipogeuka mwekundu nilitoka shule nikaenda moja kwa moja kwa Mama Twiga. Alikuwa anashona chini ya mti, miguu kwenye kanyagio. Nikaiweka ndala mezani, kando ya mkasi.

Akaigeuza, akaitazama soli. "Umeiokota wapi hii?"

"Juu ya mti wako, mama. Juu kuliko mkono wa baba. Tuliitoa sisi, na mengine yote."

Akaondoa miguu kwenye kanyagio, cherehani ikasimama. Kisha akasema, "Kwa hiyo nyinyi mkajipandia juu. Mkanisafishia na uwanja." Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Nyumba hii nimeimaliza kwa sindano. Unataka niibebe kichwani?"

Twiga alikuwa mlangoni. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba nimekwenda. Nilifikiri atanipiga. Aliitoa nje baiskeli kubwa ya kubebea mizigo. Kisha akajaza upepo matairi yote mawili, akamwambia Mama, "Njoo ushike nyuma," wakashuka. Dalali alimkuta kule chini akifungua bati za Mama Twiga, akamwambia hati asahau. Baba akamjibu, "Basi nisaidie kushika hii bati, maana mikono yangu imejaa." Dalali aliondoka. Hati hatujaipata mpaka leo.

Mama Twiga alikubali kupandisha cherehani tu, "mpaka nione." Alikaa kwetu amenuna, ananitazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Kesho yake mchana, Twiga akiwa amekwenda na Baba kuchukua godoro, tulisikia mlio ambao sikuuelewa, kama mawe yanasagwa. Waliacha godoro wakakimbia. Baba alipofika juu alikuwa amemshika Twiga mkono kwa nguvu, mpaka sasa ana alama. Walipogeuka nyuma kuta hazikuwapo. Kilichobaki ni kilele cha mti, na juu yake tayari kulikuwa na nyasi.

Sasa tuko saba kwenye vyumba viwili. Bibi analala na Mama Twiga kitanda kimoja, wanabishana nani anakoroma. Twiga alikaa siku kadhaa bila kunisemesha. Jana alinisogezea daftari lake. Alikuwa amechora nyumba, na dirisha limetazama kilima.

Lakini hayo siyo yanayonitia hofu leo.

Mama alikwenda ofisini kwenu kuuliza habari zako. Karani alimwambia kituo chako hakijasikika kwenye redio tangu siku ile ya mafuriko. Huenda ni betri tu, akasema. Mama aliporudi alianza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Ndipo nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, nikitafuta nyumba yako iko wapi. Ina mlango na dirisha. Redio iko juu ya kabati. Nguzo unaisoma asubuhi na jioni, kwa hiyo huwezi kukaa mbali nayo. Na nguzo iko mtoni.

Mimi walinichagulia mahali pa kukaa, na wewe ulinisaidia bila kusema. Wewe nani alikuchagulia pako?

Barabara haijakauka, najua. Ninakuandikia hata hivyo. Baba amesema ikipitika kidogo tu atapanda mwenyewe na baiskeli, na amekwisha kuweka pampu na kiraka kwenye mfuko.

Leo nimefunua kompyuta. Twiga alikaa karibu nami, akauliza kwa nini walowezi wetu wanasimama tu, kwa nini tusijenge, kilima ni kizuri. Nikamweleza kanuni yetu. Mimi nilishasema ndiyo. Barua yako ya mwisho haikusema ndiyo wala hapana, haikutaja mji kabisa. Sikubonyeza kitu. Niliufunga mchezo nikaufunika kwa kitambaa.

Bado ni zamu yako, Mjomba.

Mpwa wako,
Kidole